Nyuzi za Ndani ya Kola

Jumatano, 6 Machi

Daftari hili nimepewa na muuguzi wa wodi ya wanaume, yule mfupi mwenye miwani. Jana tulipokuwa tunaruhusiwa alinishika mkono akasema, "Mama, andika kila siku. Anakula nini, analala vipi, na ukiona anafanya jambo lake la kawaida, hata liwe dogo, liandike. Mkirudi kliniki nitasoma."

Nikamuuliza kawaida gani. Akasema, "Wewe ndiye unayeijua."

Basi nimekaa na kalamu tangu asubuhi naitafuta hiyo kawaida. Mume wangu alianguka na kiharusi siku kumi na tatu zilizopita, pasi mkononi, shati la mtu mezani. Mkono wa kulia hausikii tena, mdomo umepinda upande, na maneno yamekwisha. Anasema "ba", halafu "ba" nyingine. Mtu aliyenichosha kwa maneno miaka thelathini na moja, leo namsogezea sikio mdomoni nipate hata hilo moja.

Sisi ni madobi. Chumba cha mbele ni cha kazi, viwili vya nyuma ni vya kulala, na uani kuna tangi, mabeseni na kamba nne za kuanikia. Tangu tuoane tuligawana: maji yangu, moto wake. Mimi nafua, nasuuza, nakamua, naanika. Nguo ikishakauka hainihusu tena. Yeye anapiga pasi, anakunja, anapanga kwenye rafu, anamkabidhi mwenyewe. Sikuwahi kuigusa rafu ile, naye hakuwahi kutia mkono kwenye beseni langu. Watu walidhani ni mapenzi hayo. Ukweli ni kwamba tukisimama upande mmoja tunagombana.

Mvua ya kwanza imeanza saa tisa alasiri. Amekula supu vijiko sita.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Vijiko vinane.

Ijumaa, 8 Machi

Binti yetu amefika kwa basi, safari ya saa sita. Tumejaliwa huyo mmoja tu, na tangu aolewe amekuwa na sauti ya mtu anayeendesha mkutano. Hakukaa hata dakika kumi kabla hajaanza.

"Mama, mvua zikiisha nakuja kuwachukua. Chumba kipo, kina choo chake ndani. Ifunge hii kazi upumzike."

"Na baba yako umemuuliza?"

"Baba hawezi kusema, Mama. Lazima tumsemee."

Mume wangu alikuwa ameegemea mto anatazama dirishani. Nilimtazama nione kama amesikia, nikaona uso tu, nusu wake ni wa mume wangu na nusu wa mtu nisiyemfahamu. Nikamwambia binti tutaona. Mvua za huku humalizika mwisho wa Mei. Ana maana nina miezi mitatu ya kuwa dobi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimefungua. Wateja walishaanza kugonga tangu Jumamosi.

Kwenye rafu kuna nguo sitini na nne alizokwisha kuzipiga pasi kabla ya kuanguka, na hakuna hata moja yenye jina. Zote zina uzi. Ukigeuza kola ya shati au mkanda wa suruali unakuta mishono midogo kwa ndani, mmoja, mitatu, saba, ya rangi yoyote unayoweza kuifikiria. Hiyo ndiyo alama yake ya nguo ni ya nani. Hakuwahi kuiandika popote. Zamani nilipomuuliza alinijibu, "Hiyo ni idara ya moto, wewe nenda kwenye idara yako." Nikaenda. Nilikuwa na mabeseni matano yananisubiri.

Sasa mashati meupe ni mashati meupe. Nimewaambia wateja kila mtu achague lake. Waliosita nimewagawia mimi kwa kukadiria mabega.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu wa shule ya mtaa wa pili ameingia saa nane, mkono mmoja umeshika vitabu, mwingine umeshika kiuno.

"Mama Dobi," akasema taratibu, "hii suruali ni ya nani?"

Nikaitazama. Wangeenea walimu wawili humo ndani.

"Nimefundisha vipindi vitatu nikiwa nimeishika. Cha nne nikasahau, nikainua mikono yote kuonyesha ramani. Darasa zima limenipigia makofi."

Suruali ilikuwa ya mwenye bucha. Yeye mwenyewe hakuja, alituma tu ya mwalimu ikiwa imepasuka nyuma kutoka juu hadi chini, na salamu kwamba alikuwa anainama kuokota kisu mbele ya wateja. Nikaanza kuomba radhi, kicheko kikanishinda, na mwalimu naye akacheka kwa tabu kwa sababu hawezi kucheka vizuri akiwa ameshika kiuno.

Ndipo nikasikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Nilikimbia nikidhani anapaliwa. Alikuwa anacheka. Mdomo unacheka upande mmoja na mate yanatoka upande wa pili, mabega yanatikisika.

Muuguzi, liandike hilo: amecheka. Ni kawaida yake kabisa, hasa nikikosea mimi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu Alhamisi haijapumzika. Nguo zimeanikwa chumbani, chumba cha mbele, juu ya kitanda. Tunakula chakula tukiwa chini ya shuka za watu.

Leo nimepiga pasi mwenyewe, vibaya. Pasi yetu ni ya mkaa, haina mvuke, inabidi nguo inyunyiziwe maji kwanza. Yeye hunyunyizia kwa mdomo. Anapiga funda kubwa, anavimbisha mashavu, halafu anapuliza, na maji yanatua kwenye shati laini kama umande. Kuna mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba si usafi, tukanunua chupa ya kunyunyizia. Iko juu ya rafu, ina vumbi la miaka kumi.

Siku za mwanzo za ndoa, nikipita nyuma yake na ndoo alikuwa akigeuka na lile funda mdomoni ananipulizia shingoni. Maji baridi, na mimi nina jasho. Nilikuwa namfokea mpaka jirani wa ghorofani, ambaye sasa ni mjane, anafungua dirisha kuuliza kuna nini. Sasa najiuliza ilikoma lini. Hakuna siku tuliyosema leo ndiyo mwisho. Ilipungua tu, tukawa na kazi nyingi, halafu siku moja tukawa wazee.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemletea bati lake la biskuti lenye nyuzi, nikaweka mashati mawili mapajani mwake na kumgeuzia kola. "Hii njano ni nani? Nitajie tu, nitakuelewa." Akasema "ba", akajaribu tena, "ba", jasho likamtoka. Kisha akafumba macho. Nilijuta kumsumbua.

Jumamosi, 23 Machi

Mwenye bucha kachukua koti la mtu mwingine. Kalirudisha. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Nina mengi leo, sijui nianze wapi.

Mjane wa ghorofani ameshuka kuulizia shuka zake. Nimemwambia ukweli kwamba sizijui, atafute mwenyewe. Akapekua mpaka akazipata, akaona uzi kwenye pindo: njano, mishono mitatu. Nikamuuliza, "Hiyo njano unajua maana yake?" Akasema hajui, hakuwahi kuitazama. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Siku ya kwanza kabisa nilileta pazia la njano," akasema. "Tulikuwa tumehamia wiki hiyo. Mume wangu yuko hai, mtoto ana miaka minne. Dobi akaniuliza mko wangapi nyumbani. Nikadhani ni mazungumzo tu."

"Mlikuwa watatu."

"Tulikuwa watatu." Akaushika ule uzi kwa kidole gumba. "Mume wangu ana miaka kumi na sita kaburini, Dobi mwenyewe alikuwepo kuzika. Mtoto yuko ng'ambo. Kumbe huku chini bado tunahesabiwa watatu."

Hakulia. Amepanda ngazi na shuka zake kifuani, amezikumbatia. Mimi ndiye niliyelia.

Kisha nikamkimbilia mwalimu, kwa kuwa alama yake ni bluu, mshono mmoja. Nikamkuta anasahihisha madaftari. Akakumbuka papo hapo: shati la bluu, la kwendea usaili wa kazi, hakuwa na lingine, na alikuwa anaishi peke yake. Leo ana mke na watoto watano, na kwenye kola bado ni kijana mmoja anayetafuta kazi. Mwenye bucha ni nyekundu, tisa. Kitanda chao kilikuwa na tandiko jekundu na nyumba ilikuwa na mama, ndugu na shangazi wote.

Hivyo ndivyo ilivyo. Rangi ni ya nguo ya kwanza mtu aliyoleta. Mishono ni idadi ya watu wa nyumbani kwake siku hiyo. Akishaweka habadilishi, hata wafe, hata wazaliwe.

Nimerudi nikamwambia, "Nimekukamata, mzee. Njano ni pazia." Amenitazama muda mrefu. Chozi limetoka jicho moja, lile la upande mzima. Akasema "ba", na mara hii nimeielewa.

Jumatano, 3 Aprili

Kliniki. Muuguzi amesoma daftari lote akiwa amesimama, foleni inamsubiri. Akasema, "Mama, mimi niliomba ripoti." Halafu akasema niendelee vivyo hivyo. Ametoa mazoezi: avimbishe mashavu na kupuliza, mara ishirini asubuhi na jioni. Na mkono wa kushoto upewe kazi yoyote anayoipenda.

Nimempa sindano na kitambaa cha kufutia meza.

Jumamosi, 6 Aprili

Rafu imebaki na nguo tisa tu, na hakuna aliyerudisha. Mteja akiingia namuuliza, ulileta nini mara ya kwanza? Wanakaa. Hakuna anayejibu kwa neno moja. Huyu anaanza na blanketi la mtoto anamaliza na talaka. Miaka yote nilikuwa uani na sabuni, na mtaa mzima ulikuwa unapita chumba cha mbele unamweleza mume wangu maisha yake. Nilidhani anapiga soga huku mimi nafanya kazi. Nilimwambia hivyo mara nyingi, tena kwa sauti.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Ametikisa kichwa kukataa supu. Nimeongeza chumvi, akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 14 Aprili

Nilikuwa napiga pasi gauni langu la bluu, kola ikageuka. Ndani kuna uzi wa kijani. Mshono mmoja.

Nimeenda kabatini. Gauni la maua, lina kijani. Blauzi ya kazi, kijani. Lile tulilonunua mwaka jana kwa ajili ya harusi ya mpwa, kijani, mmoja. Nguo zake yeye hazina kitu, na za binti zilizobaki hapa hazina. Zangu tu. Nguo zinazofuliwa humu humu zingepotelea wapi hata ziwekewe alama?

Nimekaa kitandani mpaka nikakumbuka. Kabla hatujajuana, yeye alikuwa anajifunza kazi kwa mjomba wake, nami nilipeleka gauni la kijani nililoazima kwa dada, nikidai nalihitaji kesho yake. Alilichelewesha siku tatu. Kila nikienda anasema bado kola. Aliniuliza mko wangapi nyumbani, nikamjibu kwa ukali, niko peke yangu, kwani wewe unataka nini.

Nilisahau kabisa kwamba niliwahi kuwa mteja wake. Yeye hakusahau. Kila nguo mpya iliyoingia humu ndani, kabla sijaivaa, aliichukua kimya kimya akaandika siku ile.

Sikumwambia nimeona. Nimemkalia karibu tu, akashangaa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mashavu mara ishirini. Maji yote yamemwagikia kidevuni. Amekasirika, amekitupa kikombe.

Jumatatu, 22 Aprili



Asubuhi jua lilitoka, la kwanza baada ya siku tisa. Nimejaza kamba zote nne mpaka zikalegea. Nikamkalisha kitini kwenye mlango wa uani, nikamwambia usiinuke, naenda kuchukua sabuni na mkaa, sichelewi. Mjane aliahidi kuchungulia.

Nikiwa dukani wingu likatanda na mvua ikaja bila hata kunguruma. Nilikimbia nimeiacha sabuni juu ya kaunta. Njiani nilikuwa nafikiria nguo. Mungu anisamehe, nilifikiria nguo.

Lipo jambo moja ambalo hatukuligawana. Mvua ya ghafla ikija hakuna maji wala moto, wote wawili tunakimbilia kamba. Mmoja anatoa vibanio, mwingine anapokea. Hatusemi kitu, hatugongani. Tumefanya hivyo mara ngapi, sijui, labda elfu. Sasa mvua imemkuta peke yake mlangoni, na mwili wake umefanya ulichozoea.

Nilimkuta chali katikati ya ua, tope mpaka masikioni, damu kwenye paji la uso. Makoti mawili meupe ya bucha yako juu ya kifua chake, ule mkono wa kushoto umeyainua yasiguse tope. Sijui alikaa hivyo muda gani. Mvua inampiga usoni na yeye ameinua makoti.

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikakaa naye humo humo topeni nikalia, nikimwambia nani kakutuma, nani kakutuma. Akasema "ba" na kunisogezea makoti niyapokee.

Mjane alipiga kelele dirishani, mwenye bucha akaja, tukamnyanyua watatu. Daktari anasema hakuvunjika. Wakati wa kuondoka mwenye bucha ameyageuza makoti yake pande zote akaniambia, "Mama Dobi, hayana hata tone la tope." Akayakunja, akaenda.

Jumatano, 24 Aprili

Binti amekuja. Safari hii hakuendesha mkutano. Amemwosha baba yake miguu, kisha akatoka uani. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama nyuma ya tangi alipokuwa akijificha utotoni nikimwita kusuuza, anajifuta uso kwa kiganja. Mimi nilidhani anatuona mzigo wa kupangiwa pa kukaa. Kumbe, kama alivyoniambia baadaye, anaogopa simu. Kila simu ikilia akiwa kazini anadhani ni ile ya msiba.

Nikamwambia ndiyo. Tutakuja. Tumepanga Jumamosi tarehe ishirini na tano Mei.

Aliponikumbatia nilisikia mwili wake wote umelegea. Mimi wangu haukulegea.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua kidogo. Amelala mchana kutwa.

Jumamosi, 4 Mei

Nimeanza kuwaambia wateja waje wachukue nguo zao, na wasilete nyingine. Mwalimu ameuliza, "Sasa nani atajua mimi ni bluu?" Nikamwambia anunue pasi ya umeme kama watu wengine. Baadaye nikajuta kumjibu hivyo.

Alhamisi, 9 Mei

Amepuliza. Kidogo, lakini yametoka mbele badala ya kumwagika.

Jumatatu, 13 Mei

Kile kitambaa cha kufutia meza kimejaa mishono ya mkono wa kushoto, inakwenda kombo kama mtoto anayejifunza kuandika. Leo ya mwisho mwisho imenyooka.

Ijumaa, 17 Mei

Nimetoa nguo ya mwisho kwenye rafu. Mbao zina alama nyeupe pale vifurushi vilipokaa miaka yote. Mume wangu ameomba, kwa kidole, asogezwe karibu na meza ya pasi. Nimemsogeza. Amekaa hapo mpaka chakula, mkono juu ya meza, hafanyi kitu.

Zamani siku hazikuwa na majina. Ungeniuliza Jumanne iliyopita tulifanya nini ningekwambia hakuna, tulifua tu. Natamani moja ya hizo Jumanne. Siitaki ya harusi wala ya kuzaliwa mtoto. Nataka ile ambayo hakuna kilichotokea, yeye anapiga soga mbele na mimi nanung'unika nyuma.

Jumanne, 21 Mei

Nimefunga mabeseni kwa kamba. Moja nimempa mjane.

Jumamosi, 25 Mei

Binti alifika jana jioni na gari la mumewe, amenyeshewa na mvua ambayo nadhani ndiyo ya mwisho. Koti lake la kahawia lililowa mabegani, akalitundika kwenye kiti chumba cha mbele.

Asubuhi jua limewaka. Tumefunga mizigo, vyombo, magodoro. Nikamwambia amwite baba yake anywe chai tuondoke. Nikasikia anacheka huko mbele. "Mama, njoo uone. Baba ananishonea koti."

Alikuwa kwenye meza ya pasi, koti mapajani, bati la nyuzi liko wazi, sindano mkono wa kushoto. Kola imegeuzwa. Alipotuona akakata uzi kwa meno, akamnyooshea binti koti, na macho yake yakanitazama mimi.

Nikaigeuza kola. Kahawia. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Imekwenda kombo, na wa nne ni mrefu kama mkia.

"Ni nini?" binti akauliza.

Hajawahi kuelezwa. Alikua humu, lakini alikuwa upande wangu, wa maji. Ningeweza kumwambia baba yako anajichezea tu, na kabla ya saa sita tungekuwa barabarani. Na nikiri hapa: nimechoka. Kile chumba chenye choo chake ndani nimekiota mara nyingi. 

Nikamwambia. Rangi ni ya nguo ya kwanza mteja aliyoleta, mishono ni watu wa nyumbani kwake.

"Mimi si mteja, Mama."

"Kuanzia leo asubuhi wewe ni mteja."

Akahesabu kwa vidole. "Mimi. Mume wangu. Watoto wawili." Akarudia tena polepole, kama kuna mtu amemruka. "Nyinyi hammo."

"Hatumo."

Akakasirika. "Ni mgonjwa huyu. Tutaamua maisha ya mtu kwa uzi?"

"Mtaa mzima ameuhifadhi kwa uzi huo huo," nikasema.

Akaliweka koti mezani. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika baba yake mkono ule usiosikia, halafu akauacha akashika ule mwingine. "Baba. Unataka kubaki hapa?"

Akaitikia kwa kichwa. Mara moja, wazi kabisa.

Kichwa hicho kimeweza kuitikia tangu Aprili. Nimekiona kikikubali chumvi na kukataa supu. Siku ya kwanza nilimkemea binti yangu kwa kutomuuliza baba yake, nikaona nimeshatimiza wajibu, na kwa siku sabini na nane mimi mwenyewe sikumuuliza. Nimeona aibu ambayo sijui nitaiweka wapi.

Binti alikaa sakafuni kwa muda. "Na akianguka tena?"

Mwishowe akainuka, akatoka uani, akarudi na kamba moja ya kuanikia. Amegonga misumari mpaka saa nane, amekunja mikono ya blauzi kama fundi. Kamba sasa inaanzia kitandani, inafuata ukuta, inapita chumba cha mbele hadi meza ya pasi, na kutoka hapo mpaka mlango wa uani, usawa wa mkono wa kushoto. Mlangoni imekomea. "Huku nje hapana," akamwambia. "Mvua ikija, nguo zilowe." Baba yake akatazama pembeni, hakuahidi.

Ameondoka alasiri na gari tupu. Nikamkimbiza na koti lake alilosahau.

"Sijalisahau," akasema. "Lina tope kwenye mkono. Lifueni, nitalifuata Jumamosi ijayo."

Jumapili, 26 Mei

Nimefungua mabeseni. Nimemwendea mjane kuomba langu, amesema alijua, hakulitia hata maji.

Jumamosi, 1 Juni

Binti amekuja na watoto. Amechukua koti, ameacha sketi mbili.

Jumanne, 4 Juni

Jua siku ya sita mfululizo. Kesho ni kliniki, kwa hiyo muuguzi, ukifika ukurasa huu, hii ndiyo ripoti yako.

Amekula mkate na chai, mwenyewe. Ameitwa na mwalimu kwa jina la Dobi, ameinua mkono. Amepiga pasi leso tatu kwa kushoto, ameunguza moja, ya kwetu. Alikuwa amesimama mezani, kiwiliwili ameegemeza kwenye kamba, nami nikapita nyuma yake na ndoo kwenda uani. Nikaona mashavu yamevimba, nikadhani ni kwa ajili ya shati lililoko mezani.

Nusu ya maji imemwagikia kifuani mwake mwenyewe. Nusu nyingine imetua shingoni mwangu, baridi, na mimi nina jasho. Nimemfokea mpaka mjane wa ghorofani akafungua dirisha.